Pedali ya breki inazama kwenye mashine ya kuosha sakafu: tafuta kwanza mafuta yanapokwenda

Mkuu, umesema mashine yenu ya kuosha sakafu, ile ya kukaliwa na dereva, pedali inazama ukiikanyaga na kuishikilia. Mnaongeza mafuta ya breki, mnatoa upepo ulioingia kwenye paipu, inatulia siku chache halafu tatizo linarudi palepale. Mimi kazi yangu ni hizi mashine, za kufagia na za kuosha, na ushauri wangu wa kwanza ni muache kuongeza mafuta. Breki hainywi mafuta. Kina kinaweza kushuka kidogo kidogo kadiri pedi au laini (vipande vinavyosugua drami kuisimamisha) zinavyolika, lakini kuongeza kila mara maana yake kuna mahali panavuja.

Kama mafuta yasingepungua na pedali bado inazama, ningekwambia ni raba za ndani za masta silinda, ile inayosukumwa na pedali, zinapitisha mafuta. Yenu yanapungua, kwa hiyo anza nyuma ya masta silinda, pale fimbo ya pedali inapoingia. Pitisha kidole chini yake. Pakiwa pakavu, fuata paipu hadi magurudumu, fungua drami, kisha bana pembe ya raba ya kuzuia vumbi kwenye wili silinda, silinda ndogo ya kwenye gurudumu, uivute taratibu. Unyevu kiasi cha kulowesha ncha ya kidole si hoja. Yakichuruzika, silinda hiyo imekwisha. Laini zilizolowa mafuta usizioshe kwa petroli ukazirudisha, zimeshayafyonza. Badilisha pande zote mbili, la sivyo mashine itavuta upande mmoja. Vumbi la ndani usilipulize kwa kompresa, hasa kwenye mashine ya zamani ambayo laini zake huenda zina asbesto.

Mbona silinda zinakufa mapema hivi? Mashine nyingi huendeshwa kwa pampu na mota ya haidroliki: dereva akiachia tu pedali ya mwendo, mashine inapunguza kasi yenyewe. Breki ya mguu inakaa bila kuguswa. Pistoni haitoki mahali pake, huku maji ya sabuni yanarukia drami kila zamu. Mafuta ya breki ya kawaida, ya daraja la DOT 3 na DOT 4, nayo yanavuta unyevu wa hewani, silinda inapata kutu na vishimo, na siku dereva anakanyaga kwa nguvu raba inapita juu ya vishimo na kuchanika. Ndiyo maana kuweka raba mpya kwenye silinda yenye vishimo ni kupoteza hela. Weka silinda nzima.

Watu hubishana sana kuhusu nyuzi joto (Selsiasi) za mafuta kuchemka. DOT 3 mpya huanzia 205, DOT 4 huanzia 230. Yakishavuta maji viwango vya chini ni 140 na 155. Kwa mashine ya mwendo wa kobe hilo halinisumbui, kinachonisumbua ni kutu. Badilisha mafuta yote walau kila baada ya miaka miwili, na mwambie dereva akanyage breki mara kadhaa kila anapoanza kazi. Ila soma kwanza kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki! Zipo mashine zinazotumia mafuta ya madini kwenye breki. Ukichanganya, raba zinavimba na utazibadilisha zote.

Kutoa upepo unakujua, sirudii. Angalia tu kikopo kisikauke katikati ya kazi, na mafuta yaliyotoka kwenye nipo, skrubu ya kutolea upepo, usiyarudishe. Yakidondokea rangi, mwagia maji haraka. Anayeosha mashine asielekeze mpira wa presha kwenye drami.

Umeuliza pia kama mnaweza kuendelea na kazi kwa kutumia breki ya mkono. Hapana. Ile ni ya kuegeshea. Iegesheni mpaka itengenezwe, kisha kwenye sakafu tambarare, magurudumu yakiwa na vigingi, kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie dakika nzima. Isiposhuka hata kidogo, ijaribuni kwa mwendo wa polepole hapohapo kabla ya kuipeleka kwenye mteremko.