Maswali ya Wasomaji: Barua za Mwisho wa Vita vya Mapinduzi vya Marekani

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninafundisha historia katika shule moja ya sekondari hapa Kadutu, Bukavu. Kitabu chetu kinasema kwamba vita vya Marekani viliishia Yorktown mwaka 1781, kisha kinaruka moja kwa moja hadi mkataba wa Paris wa mwaka 1783. Wanafunzi wameniuliza jeshi lilikuwa linafanya nini katikati ya miaka hiyo. Je, ni kweli kwamba barua za wakubwa wa wakati ule zinaeleza?

JIBU: Ni kweli, Mwalimu, na tena hakuna kinachoeleza vizuri zaidi ya barua hizo, mradi usizisome mojamoja. Kila barua isomwe pamoja na majibu yake, na kwa kufuata tarehe.

Chukua kwanza Yorktown yenyewe. Tarehe 17 Oktoba 1781, Jenerali Cornwallis wa Uingereza, aliyekuwa amezingirwa kwa nchi kavu na baharini, alimwandikia George Washington, mkuu wa jeshi la Marekani, akiomba mapigano yasimame kwa saa 24, ili maofisa wawili wa kila upande wakutane katika nyumba ya Bwana Moore kupanga masharti ya kusalimu amri. Washington alijibu siku hiyohiyo, kwa heshima zote, lakini akampa saa mbili tu za kuandika mapendekezo yake. Cornwallis alikuwa bado anangoja meli za kumwokoa kutoka New York, na Washington alijua kwamba manowari za Ufaransa, mshirika wake, zilizoongozwa na de Grasse, hazingekaa katika ghuba ya Chesapeake siku zote. Masharti yalitiwa sahihi tarehe 19.

Hata hivyo Waingereza waliendelea kuushikilia mji wa New York hadi Novemba 1783. Kwa hiyo jeshi la Washington halikuvunjwa: lilipiga kambi karibu na Newburgh, kando ya mto Hudson, na huko likakaa bila vita na bila mshahara. Nadhani sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa kwa kirefu hatari ya askari wenye silaha ambao hawajalipwa. Kongresi, yaani baraza la wajumbe wa majimbo, haikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Iliweza tu kuyaomba majimbo. Mwaka 1780 iliwaahidi maofisa nusu mshahara kwa maisha yao yote baada ya vita, lakini mpango wa ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za nje, ambao ungeijaza hazina, ulikwama mwishoni mwa mwaka 1782 jimbo la Rhode Island lilipoukataa. Mwezi Desemba maofisa watatu, wakiongozwa na Jenerali Alexander McDougall, walipeleka malalamiko ya wenzao Philadelphia, kulikokuwa na Kongresi.

Hapo ndipo barua zinapoanza kupishana njiani. Tarehe 7 Februari 1783 Gouverneur Morris, msaidizi katika ofisi ya fedha, alimwandikia Jenerali Henry Knox akimshawishi kwamba jeshi liungane na watu wengine wanaoidai serikali ili kuyashinikiza majimbo. Knox hakukubali kulitumia jeshi hivyo. Tarehe 13 Februari Alexander Hamilton, aliyewahi kuwa mpambe wa Washington na sasa akiwa mjumbe wa Kongresi, alimwandikia mkuu wake wa zamani kwamba asiwazuie maofisa kudai haki yao, bali ayaongoze madai hayo kupitia watu wenye busara anaowaamini. Kwa maoni yangu, hakuna barua nzito kuliko hiyo katika mwaka ule wote, kwa kuwa mtu mwenye akili nyingi na nia ya kuijenga nchi yake anamwomba jemadari aweke mkono wake nyuma ya pazia. Washington alimjibu tarehe 4 Machi kwamba yeye, akiwa raia na akiwa askari, amesimama mahali pagumu sana, na kwamba hataiacha njia aliyoifuata tangu mwanzo.

Siku chache baadaye, tarehe 10 Machi, karatasi zisizo na sahihi zilizunguka kambini zikiwaita maofisa mkutanoni. Ziliwaambia kwamba amani ikija wasiweke silaha chini mpaka wapate haki, na vita vikiendelea waende zao nyikani na kuiacha Kongresi bila ulinzi. Mwandishi alikuwa Meja John Armstrong, mpambe wa Jenerali Horatio Gates. Washington aliupiga marufuku mkutano huo, akaitisha wa kwake tarehe 15 Machi.

Alisoma hotuba yake, lakini nyuso za wasikilizaji hazikulegea. Ndipo akatoa mfukoni barua ya Joseph Jones, mjumbe wa Virginia, iliyoeleza shida za Kongresi. Alisoma mistari michache kwa kusitasita, akanyamaza, kisha akatafuta miwani ambayo wengi wao hawajapata kumwona nayo, akawaomba wamwie radhi, kwani amepata mvi katika kuwatumikia na sasa macho nayo yanafifia. Baadhi ya maofisa walilia. Alipotoka, walipiga kura ya kuikana karatasi ile.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Goma. Je, Washington alijua ni nani aliyekuwa nyuma ya njama ile? Mbona haelekei kumlaumu mtu?

JIBU: Alishuku, na aliandika anachoshuku, ila si kwa kila mtu. Tarehe 12 Machi alimwambia Hamilton kwamba kambini wengi wanaamini mpango ulitungwa Philadelphia. Tarehe 18 Machi aliiandikia Kongresi kwa sauti nyingine kabisa, akiwatetea maofisa na kuomba walipwe. Tarehe 4 Aprili akamwandikia tena Hamilton, safari hii akimwonya kwamba jeshi ni chombo cha hatari kuchezea. Si unafiki huo, ndugu yangu. Barua ya kwenda Kongresi ingesomwa mbele ya wajumbe wote, na maofisa walistahili mtetezi; onyo lilimhusu mtu mmoja, naye alilipata peke yake.

Kongresi iliitika tarehe 22 Machi kwa kubadilisha nusu mshahara wa maisha kuwa mshahara kamili wa miaka mitano, lakini ikalipa kwa hati za deni, na wengi waliziuza kwa bei ya kutupa kwa sababu ya njaa. Mwezi Juni askari wa kawaida walirudishwa nyumbani na ahadi ya malipo ya miezi mitatu kwenye karatasi. Hao hawakuwa na jenerali wa kuwaandikia barua, na ndio ninaowahurumia kuliko wote. Tarehe 21 Juni mamia ya askari wa kawaida waliizingira nyumba ya Kongresi huko Philadelphia, nayo ikahamia Princeton.

SWALI: Baba yangu husema Washington aliombwa awe mfalme akakataa. Ni hadithi tu? (Msomaji wa Katindo, Goma)

JIBU: Barua ipo. Tarehe 22 Mei 1782 Kanali Lewis Nicola alimwandikia kwamba jamhuri ni dhaifu, na kwamba kiongozi wa vita angefaa kuongoza wakati wa amani, hata kwa jina la mfalme. Washington alijibu siku ileile kwa ukali, akimwambia alifute wazo hilo moyoni, na wasaidizi wake wawili wakathibitisha kwa sahihi zao kwamba nakala iliyobaki ni sawa na barua iliyotumwa. Nicola aliandika barua tatu za kuomba radhi ndani ya wiki moja.

SWALI: Barua hizi zinapatikana wapi? (Mwalimu yuleyule wa Kadutu)

JIBU: Mwaka 1781 Washington aliiomba Kongresi waandishi wa kunakili karatasi zake, na Richard Varick akaisimamia kazi hiyo hadi ikafikia majalada 44. Leo yanahifadhiwa katika Maktaba ya Kongresi, na barua nyingi zimewekwa kwenye intaneti bila malipo, kwa Kiingereza. Kwa darasa lako, Mwalimu, chapisha barua ya Hamilton ya tarehe 13 Februari pamoja na majibu ya tarehe 4 Machi na 4 Aprili, uwape wanafunzi bila maelezo, uwaulize ni nani anamwongoza mwenzake.