Bando la bila kikomo au la kupimiwa? Uliza kwanza linakufa lini

Mama mmoja wa Kimara alinipigia simu saa moja na nusu asubuhi, hata chai sijanywa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Dada yangu Muscat amekesha na simu mkononi. Video iko wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi na sendofu, ofisi yangu ni chumba kimoja pale Sinza. Zamani mteja alikuja kuchukua sidii au flashi yake, tukamalizana. Siku hizi anataka linki, kwa sababu shangazi yuko Oman, mjomba yuko Mwanza, na wote wanataka kuona bi harusi akiingia ukumbini kabla majirani hawajaanza kusimulia. Kila ninachomaliza lazima kipande mtandaoni. Bando kwangu ni kama mafuta kwa dereva wa bajaji.

Mwezi ule nilikuwa nimejiunga na kifurushi cha simu cha mwezi mzima, kilichoandikwa kwa herufi kubwa kwamba hakina kikomo. Nilimuuliza binti wa dukani, "Dada, kweli hii haina mwisho?" Akanijibu, "Kaka, tumia mpaka uchoke." Nilitumia kwa raha siku nane. Siku ya tisa jioni ujumbe wa maandishi ulipita, picha ikawa inazunguka tu, video haikugusika. Nikapima kasi, nikaona nusu megabiti kwa sekunde. Faili la yule mama lilikuwa GB 3. Kwa kasi ile lilihitaji kama masaa 13 bila kukatika hata mara moja, na usiku ule lilikatika mara tatu.

Nilipopiga huduma kwa wateja, kijana alinieleza kwa upole kabisa: kifurushi changu bado kipo, hakijaisha, ila nimefikia kiwango cha matumizi ya haki, kwa hiyo kasi imeshushwa mpaka mwezi uishe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasikia maneno hayo. Niliyakuta baadaye kwenye masharti, chini kabisa, mahali ambapo mtu mwenye haraka hafiki. Asubuhi hiyo nikapanda daladala mpaka Mwenge, kwa rafiki yangu mwenye faiba, intaneti ya waya, ofisini kwake. Faili lilipanda ndani ya robo saa. Mama alinisamehe, lakini kwenye sendofu ya mdogo wake bibi harusi, alimchukua mtu mwingine, na simlaumu.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza sana kuhusu mabando, na ninachokiandika hapa nimekilipia mwenyewe.

Tuanze na hilo neno, bila kikomo. Mnara mmoja wa simu una uwezo wake, na uwezo huo wanagawana wote walioshika mnara huo. Saa mbili usiku Tabata nzima imerudi nyumbani, mpira unaangaliwa, watoto wako kwenye video, mnara umeelemewa. Saa kumi alfajiri mnara uleule umelala. Kampuni ya simu lazima ibane mahali fulani. Inaweza kubana kiasi ikakuuzia GB kumi, inaweza kubana kasi, au inaweza kubana muda ikakupa GB nyingi za usiku wa manane. Kifurushi cha simu kinachosema hakina kikomo kina kikomo chake, ila kimewekwa mahali usipokiona wakati unalipa.

Wenzetu Marekani waliupitia mjadala huu mapema. iPhone ilipoanza kuuzwa mwaka 2007, kampuni ya simu ya AT&T iliiuza pamoja na data isiyo na kipimo. Watu wakaitumia kuliko kampuni ilivyotarajia, na Juni 2010 AT&T ikaacha kuwapa wateja wapya mpango huo. Ikaweka madaraja: MB 200 kwa dola 15, GB 2 kwa dola 25. Kampuni nyingine ya simu, Verizon, ikafuata Julai 2011. Wateja wa zamani wa AT&T waliachiwa mpango wao wa bila kikomo, lakini mwaka 2014 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo iliishtaki kampuni ikidai kwamba wateja zaidi ya milioni 3.5 walikuwa wakishushiwa kasi, wengine baada ya kutumia GB 2 tu kwa mwezi. Kesi iliisha mwaka 2019 kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 60. Niliposoma habari ile nilimkumbuka binti wa dukani na maneno yake ya tumia mpaka uchoke.

Verizon yenyewe ilirudisha bila kikomo Februari 2017, ikaeleza kwamba ukipita GB 22 kwa mwezi unaweza kupangwa nyuma ya wengine pale mnara unapojaa. Hii ni tofauti na yaliyonipata mimi, na inafaa uijue. Kupangwa nyuma kunauma saa za msongamano, watu wakipungua unapata kasi yako. Kushushiwa kasi kunakufuata mchana na usiku hadi mwezi uishe, hata ukiwa peke yako chini ya mnara. Kwa mtu wa kazi kama yangu, la kwanza linavumilika, la pili linafukuza wateja.

Sasa upande wa pili, mabando ya kupimiwa, yale unayouziwa GB kadhaa za kutumia ndani ya muda fulani. Baada ya lile tukio nilikimbilia huko, nikawa nanunua la siku la shilingi 1,000, siku za kazi nyingi nanunua mawili. Nikanunua na daftari. Kila bando lilipokaribia kukata, niliandika limebaki na kiasi gani. Mwezi ulipoisha nikajumlisha: nimetoa shilingi 43,000, na karibu theluthi moja ya data niliyolipia ilikufa mikononi mwangu bila kutumika. Siku moja nilikuwa Bagamoyo kwenye harusi tangu asubuhi, kamera begani, simu mfukoni. Nilirudi usiku, bando limeshakufa likiwa zima. Nilikaa na lile daftari muda mrefu. Fedha ile ni kodi ya chumba ya siku kadhaa.

Hapo ndipo nilipoacha kubishana na watu kuhusu kikomo. Kikomo cha GB sina ugomvi nacho. Mama yangu yuko Korogwe, anatumia WhatsApp tu, kuongea na wajukuu na kupokea picha za kanisani. Kwa nini alipie mnara sawa na mimi ninayepandisha GB 3 kwa kazi moja? Kupimiwa ni haki kwake. Kinachoniumiza ni zile saa 24 za bando la siku. Ni kama nimenunua kilo ya sukari, halafu jua likizama muuzaji anakuja kuchukua iliyobaki kwenye kopo. Na anayeumia zaidi ni mwenye kipato cha siku kwa siku, maana ndiye anayenunua la siku. Ukipiga hesabu ya bei ya GB moja kwenye menyu yoyote utaona: la siku huwa ghali kuliko la mwezi. Asiye na elfu thelathini kwa mkupuo analipa zaidi kwa kitu kilekile.

Mdogo wangu wa kike yuko chuo, mwaka wa pili, anakaa kwangu. Alikuwa anaamka saa tisa usiku kupakua video za masomo kwa sababu GB za usiku zilikuwa nafuu. Nilimkuta siku moja amelala juu ya meza, simu bado inapakua, na saa mbili asubuhi ana mtihani. Mtu akiniambia bei ndogo ya usiku ni fursa, namfikiria yule mtoto.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 iliniongezea hasira. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Nilikuwa na bando la siku. Halikunifaa kitu, lakini saa iliendelea kuhesabu, na asubuhi likakata kama kawaida.

Nchini kwetu hili si jambo geni. Mtakumbuka Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipoanza tarehe 2, watu wakapiga kelele mtandaoni na vijiweni, na haikuchukua muda Serikali ikazisitisha. Kelele zilikuwa za bei, na zilistahili. Lakini katika kanuni ambazo TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilizitoa mwaka huo kulikuwa na mambo mazuri ambayo watu wengi ninaokutana nao hawayatumii: kwamba ukinunua tena kifurushi kilekile kabla muda haujaisha, uniti zilizobaki ziendelee, kwamba unaweza kumhamishia mwenzako wa mtandao mmoja data uliyonunua, na kwamba upewe taarifa ukifikia asilimia 75 ya matumizi na tena kifurushi kikiisha. Kwa jirani zetu Kenya, kampuni ya simu ya Safaricom ilianza kuuza data isiyo na tarehe ya kufa Oktoba 2019. Kwa hiyo jambo hili linawezekana, na tuna haki ya kulidai.

Basi nikikushauri kama ndugu yangu, kabla hujabonyeza moja kukubali, uliza mambo matatu. Kasi ni ngapi. Baada ya GB ngapi kasi inashuka, na inashuka mpaka wapi. Na muda ukiisha, kilichobaki kinakwenda wapi. Wakala akisema hajui, mwombe mfungue masharti kwenye simu yako mkiwa wote wawili pale dukani, msome mpaka chini. Kama jibu la swali la pili ni nusu megabiti, elewa kwamba umenunua GB kadhaa na baada ya hapo WhatsApp ya maandishi tu, jina liwe zuri namna gani.

Jifunze pia hesabu moja ndogo. Kasi hupimwa kwa megabiti, faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo megabiti 1 kwa sekunde inapitisha kama MB 450 kwa saa, na megabiti 10 inapitisha GB 4.5. Netflix wenyewe wanasema filamu ya ubora wa kawaida hula mpaka GB 1 kwa saa, ya ubora wa juu mpaka GB 3. Ukijua hivyo, hakuna wa kukutisha wala kukudanganya.

Halafu pima wiki mbili. Simu ina sehemu inayoonyesha kila programu imekula kiasi gani. Mimi nilikuta picha na video za magrupu ya WhatsApp zinajipakua zenyewe, na programu zinajisasisha usiku kwa bando langu. Nilizima vyote viwili, matumizi ya simu yakashuka kwa karibu robo.

Kwenye simu sasa natumia bando la kupimiwa la mwezi. Mwezi wa kwanza nililazimika kuweka shilingi elfu moja pembeni kila siku kwenye simu mpaka ikafika bei yake. Najua si kila mtu anaweza, lakini kama unanunua la siku kila siku, fedha hiyo unaitoa tayari, tatizo ni ule mwezi mmoja wa kuvuka. Kama una dada au kaka wa mtandao mmoja, nunueni moja kubwa mgawane.

Nyumbani nina rauta ya bila kikomo, ya kulipia kwa kasi. Hapa naitetea kwa moyo wote, kwa sababu kinachouzwa kinasemwa waziwazi: unalipia megabiti 10, unapata megabiti 10, na ikipungua unajua umepunjwa. Mke wangu, mdogo wangu na mimi tunaitumia, video za harusi zinapanda usiku tukiwa tumelala, na mdogo wangu haamki tena saa tisa usiku. Kwa nyumba ya watu watatu na kuendelea, au mtu anayefanyia kazi mtandaoni, sioni njia nyingine yenye maana. Kwa mtu mmoja anayeshinda kazini na kurudi kulala, sioni haja yake.

Ila usiinunue kabla hujapima nyumbani kwako. Mwombe jirani laini ya mtandao huo, ikae kwenye simu yako, uende chumba utakachoweka rauta, saa mbili usiku, siku ya kazi. Pima mara tatu. Kwangu sebuleni ilikuwa megabiti 4, dirishani upande wa barabara 13, kwa hiyo rauta iko dirishani mpaka leo. Na utafute betri ndogo ya rauta, kwa sababu umeme ukikatika mtandao wa nyumbani unaondoka nao.

Bando langu la simu linaisha leo saa nne usiku. Zimebaki GB 6. Nimejiunga tena asubuhi hii kabla ya kuandika, nikaangalia salio: zile 6 zimeingia pamoja na mpya. Nimeliandika kwenye daftari.