Chora maboksi 24 kabla hujapanda ndege

Hii naandikia wale wako na visa ya Qatar, Saudia ama Dubai mkononi na bado wanazunguka hapa Kisumu, Nakuru, Kakamega wakiaga watu. Mimi ni wa Nyamasaria, Kisumu, nilifanya kazi ya soja, yaani mlinzi, Doha kutoka Mei 2022 mpaka Mei 2024, na sikurudi na kile kitu ningerudi nacho. Sikuibiwa, sikulewa, nilipiga tu hesabu vibaya.

Shida ilianzia hapa: nilidhani nimepata mshahara wa mwezi. Mshahara wa mwezi ni wa mwalimu, yeye anajua hii ikiisha kuna ingine na ingine mpaka astaafu. Wewe uko na mkataba wa miaka miwili, yaani mishahara 24, ya 25 haiko mpaka kampuni ipende na wewe upende. Tulikuwa sita kwa chumba kule Industrial Area, vitanda vya juu na chini, na aliyelala juu yangu alikuwa jamaa wa Kaptembwo, Nakuru. Huyu alikuwa na daftari ya mraba, ile ya hesabu ya watoto wa darasa la tatu, amechora maboksi 24 kwa ukurasa mmoja, na kila siku ya mshahara usiku anawasha tochi ya simu, kitanda kinalia kwii kwii, anajaza boksi moja. Kwa penseli alikuwa ameandika kila boksi litafanya nini kabla hata hajatoka Kenya, pesa ikishafanya hiyo kazi ndio anapitisha biro juu yake. Nilimcheka mwaka mzima. Nilipoanza kuchora yangu nilikuwa nimebakisha maboksi tisa.

Sasa wacha niwaonyeshe yale kumi na tano yalienda wapi.

Mawili ya kwanza, Mei na Juni, yalipita matupu nikingoja kulipwa. Sita yalienda kwa shailoki. Ejenti alitaka pesa haraka, ati nafasi zinaisha, ilhali sheria ya Qatar inasema gharama ya kuajiri ni ya mwajiri, hiyo nilikuja kusoma nikiwa tayari kule. Nikakosa elfu themanini, nikaenda kwa mtu mmoja wa mjini anakopesha kwa asilimia 20 kwa mwezi, na hiyo 20 ni ya mkopo wote, haipungui ukilipa nusu. Hiyo ni 16 thao kila mwezi ya riba peke yake. Kitu hakuna mtu aliniambia ni kwamba ukifika hauanzi kulipwa. Kuna vipimo vya hospitali, alama za vidole, kitambulisho cha kule, kadi ya benki, na mimi nilifika katikati ya Mei, mshahara wangu wa kwanza nikaushika mwanzo wa Julai. Kwa hivyo kabla sijapokea riyal hata moja deni lilikuwa laki na kumi na mbili. Nililipa elfu thelathini kila mwezi Julai mpaka Novemba, na Desemba nikamalizia 42 kwa sababu ya ovataimu ya Kombe la Dunia. Piga hesabu, ni laki moja tisini na mbili kwa mkopo wa themanini. Kama ningeingia Sacco mapema nikakopa huko kwa ile asilimia moja ya salio, riba yote ingekuwa elfu tatu ama nne hivi. Jamaa wa Kaptembwo alikopa kwa chama cha mamake, wakamwambia anza kulipa ukilipwa.

Kwa hivyo kama hauna pesa ya kwenda na mlango pekee umebaki ni wa shailoki, ahirisha. Najua inauma kusikia hivyo na visa iko, lakini ahirisha. Na hata kama hauna deni usiende mfuko mtupu, beba riyal kama mia sita za kula miezi miwili, usianze kukopa wenzako kwa chumba, hiyo inaleta dharau mbaya.

Mshahara wenyewe nao. Mimi niliambiwa 1,500, na ni kweli ilikuwa 1,500, lakini kwa karatasi imeandikwa besiki, yaani mshahara wa msingi, 1,000 na alawansi 500. Nikasema si ni ile ile? Siyo ile ile. Ovataimu inapigwa kwa besiki. Pesa ya mwisho wa kazi inapigwa kwa besiki, sheria ya kule ni mshahara wa wiki tatu kwa kila mwaka, kwa hivyo 1,000 inakupa riyal 700 kwa mwaka, 1,400 kwa miaka miwili, wakati mimi nilikuwa kichwani nimejihesabia zaidi ya elfu mbili na nimeshaipangia kazi. Ukipewa ofa mbili, moja 1,500 besiki ikiwa 1,300 na ingine 1,600 besiki ikiwa 1,000, kaa chini uangalie vizuri kabla ukimbilie kubwa.

Matumizi ya kule siwezi ongea sana, kitanda na gari ya kazini vilikuwa vya kampuni. Kupika pamoja watu watatu kuliniweka kama riyal 250 kwa mwezi, mchele gunia, kuku, vitunguu, na mathe alikuwa anatuma omena kutoka Kibuye kila mtu wa mtaa akisafiri, hiyo ilikuwa inaliwa mpaka na Wanepali. Unga wa ugali uko lakini bei yake ni ya mapambo, wengi wetu tulisonga semolina na tukazoea. Kitu kinakula watu ni chai. Ile chai ya maziwa wanaita karak ilikuwa riyal moja tu, na riyal moja haionekani kama pesa, sasa unakunywa asubuhi, unakunywa ukibadilisha shifti, unanunulia na mwenzako juu jana alikununulia. Tatu kwa siku ni riyal 90 kwa mwezi. Kwa bei ya wakati huo hiyo ni elfu tatu, na elfu tatu mathe alikuwa analipia nayo kibanda chake na maji na inabaki. Mwezi wa kwanza utageuza kila kitu kwa shilingi mpaka ukose usingizi, sabuni utaiona ya dhahabu. Halafu mwezi wa tano utaacha kugeuza. Hapo ndio hatari iko. Mimi nasema chakula usigeuze, kula, kusimama masaa 12 kwa joto la Julai si mchezo, lakini vile vingine vyote endelea kugeuza mpaka siku ya kurudi.

Sasa nyumbani, hapa ndio nataka tukae kidogo.

Kabla uondoke ita mama, ita bibi kama uko naye, ita yule ndugu mwenye mdomo, muwekane chini na useme namba. Usiseme "nitakuwa natuma". Sema nitatuma elfu kumi na tano kila tarehe saba, miezi mitatu ya kwanza sitatuma kitu, na kukitokea msiba nitatoa elfu mbili na si zaidi. Sema ukiwa unawaangalia macho, kwa sababu kwa simu utashindwa. Mimi sikusema, kwa hivyo kila mwezi ilikuwa mazungumzo mapya. Sisi watu wa huku mnatujua kwa matanga, mtu amekufa Siaya hujawahi muona na tayari umewekwa kwa grupu ya WhatsApp, jina lako liko namba 14 na mbele yake wameandika 10,000, ati "wa Qatar". Hakuna aliyekuuliza. Ukitoka kwa grupu umekataa ukoo.

Na hiyo namba iseme kwa shilingi, usiseme kwa riyal, na sababu ni hii. Riyal ya Qatar imefungwa kwa dola, ni 3.64 kwa dola moja siku zote, ile haisongi. Inayosonga ni shilingi yetu. Nilipofika 2022 riyal moja ilikuwa kama bob 32. Januari 2024 dola ilifika kama 160 na riyal ikawa 44. Elfu kumi na tano nilipoingia ilikuwa inanila riyal karibu 470, Januari 2024 ilinila 340. Hizo 130 za katikati ni zako, weka, na usitangaze. Najua kuna atakayesema huo ni uchoyo kwa sababu bei za huku pia zilipanda, na ni kweli, 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita mia mbili, mathe akanipigia, tukaongeza. Hiyo ni sawa. Kuongeza ukijua unaongeza ni tofauti na pesa kuvuja tu.

Lakini pia usijifanye bingwa wa kubahatisha bei ya dola. Chumbani kwetu kulikuwa na jamaa wa Bungoma alikuwa ameficha riyal elfu sita, Januari tukamwambia tuma, bei ni 44, akasema hapana, itafika 50. Angepata laki mbili sitini na nne. Februari serikali ikauza Eurobond mpya, yaani mkopo wa dola kutoka nje, ya kulipia ile ya zamani iliyokuwa imeogopesha watu, shilingi ikapanda kwa kasi hakuna aliyetarajia, na mwisho wa Machi alituma kwa 36, laki mbili na kumi na sita. Elfu arobaini na nane ilipotelea chini ya mto wa kulalia. Alikaa siku mbili haongei.

Mimi yangu ilipotelea Kondele. Januari mpaka Julai 2023 deni limeisha, nikaweza kuweka kama riyal 700 kila mwezi, na Agosti nikatumia brathe laki moja na themanini anunue pikipiki, awe ananipa mia tatu kwa siku. Miezi miwili alituma vizuri kabisa, skrinishoti na kila kitu. Halafu tairi, halafu polisi, halafu Jumapili hafanyi, halafu alibeba watu wa matanga bure juu ni jamaa zetu. Logbuku ilikuwa kwa jina lake, hilo ni kosa langu na sio lake. Nilipofika nilipata pikipiki imesimama kwa fundi, imetolewa betri na kioo kimoja, fundi anadai elfu tisa. Simlaumu sana, nilimpa mtoto wa miaka 21 biashara nilikuwa siwezi kuiona na macho, halafu nikangoja faida. Maboksi saba hayo.

Na sijui kama hii inaniuma zaidi, lakini ile Februari 2024 serikali ilitoa bondi ya miundombinu, yaani unaikopesha serikali na inakulipa riba, ya asilimia 18 na nusu hivi kwa mwaka, haikatwi ushuru. Kuna app ya Benki Kuu inaitwa DhowCSD, ilianza 2023, unafungua ukiwa hata huko Doha bora uko na akaunti ya benki ya hapa na PIN ya KRA, na bondi za kawaida unaingia na elfu hamsini. Riba inakuja kila miezi sita, hailali, haipasuki tairi. Jamaa wa Kaptembwo aliingia. Alinionyesha kwa simu usiku na mimi nilikuwa na nini? Picha ya pikipiki.

Yale tisa ya mwisho niliyachorea maboksi kama yeye, nikaweka karibu yote Sacco kwa jina langu, laini yangu ya simu ikiwa na mimi na namba ya siri kichwani mwangu. Laini usiachie mtu. Hata mama, si kwa ubaya, ila mama akiona salio na mtoto wa shangazi amefukuzwa fizi, utafanya aje?

Boksi la 24 liachie kurudi, hilo jamani nawaomba. Tikiti ya kampuni ilinifikisha Nairobi na kichwani nilikuwa nimepanga basi la usiku, bob elfu moja na kitu. Kutoka nje ya JKIA nakuta matatu nzima, watu kumi na moja, mathe na shangazi wawili na watu wa kanisa wamevaa sare, wanaimba. Nililia kweli, sitadanganya. Tulisimama Nakuru kula, kuku na chipo, nikaona kila mtu anaangalia bili halafu ananiangalia mimi. Tukafika Nyamasaria saa tano usiku, mizigo ikashushwa, nikamshika dereva mkono kumshukuru na hakuuachilia, akaniambia taratibu, "Brathe, mathe alisema ile elfu kumi na nane tutamalizana na wewe."