Maswali ya Wasomaji: Selimundu, kutoka tone la damu hadi mkasi wa vinasaba

Barua tatu kati ya zile tulizopokea mwezi huu zinauliza, kila moja kwa njia yake, kuhusu selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Nimeona ni vyema kuzijibu pamoja, kwa kuwa jibu la barua ya kwanza litahitajika tutakapofika kwenye ya tatu.

*Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu. Alizaliwa akiwa na afya njema, lakini alipofikisha miezi minane vidole vya mikono na miguu vilivimba, akawa analia usiku kucha. Hospitalini wamesema ni sikoseli. Mimi na mume wangu hatuumwi, na wakwe zangu wanasema ugonjwa huu nimeuleta mimi kutoka kwetu. Je, ni kweli? Na mbona hakuugua tangu alipozaliwa?*
Mama, Muheza

Dada yangu, pole sana kwa usiku huo wa kubembeleza mtoto asiyetulizika. Wanayoyasema wakwe zako si kweli, kwa kuwa ugonjwa huu haurithiwi kutoka upande mmoja peke yake. Kila mtu ana nakala mbili za kinasaba kinachouelekeza mwili namna ya kutengeneza himoglobini, yaani ile protini inayozipa chembe nyekundu za damu rangi yake na kuziwezesha kubeba oksijeni; nakala moja hutoka kwa baba, nyingine kwa mama. Mwenye nakala moja iliyobadilika na nyingine iliyo nzima huitwa mbebaji, na kwa kawaida anaweza kulima, kuzaa na kuzeeka bila kujua kuwa anayo. Wabebaji wawili wanapozaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa, mbili kati ya nne za kuleta mbebaji kama wao, na moja ya kuleta mtoto asiye na nakala hiyo kabisa. Hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mkishapata mmoja mgonjwa watatu wanaofuata wamesalimika. Nendeni mkapime wote wawili, wewe na mumeo, na majibu hayo yafikishwe kwa wakwe kwa upole, maana nao huenda wana wajukuu wengine wanaostahili kupimwa.

Ama kuhusu miezi ile ya mwanzo, mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, himoglobini ya kichanga, ambayo haina kasoro hii. Huzaliwa nayo, nayo huendelea kumlinda hadi inapopungua na ile ya ukubwani kushika nafasi yake. Daktari wa watoto wa Marekani, Janet Watson, alilieleza jambo hili mwaka 1948. Naomba msomaji alishike vizuri, kwa sababu tutalirudia.

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Mwalimu wetu wa baiolojia alisema kwamba chanzo cha selimundu kilijulikana kwa kutumia umeme, na kwamba ugonjwa huu una uhusiano na malaria. Sikuelewa umeme unaingiaje kwenye damu. Naomba ufafanuzi.*
Mwanafunzi, Musoma

Marahaba, mwanangu. Swali lako limenifurahisha, kwa sababu shuleni tunafundishwa fizikia saa mbili na baiolojia saa nne kana kwamba ni nchi mbili zisizopakana, ilhali ugonjwa huu usingeeleweka kama watu wa fani hizo wasingeketi meza moja.

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha habari za kijana mmoja kutoka kisiwa cha Grenada, mwanafunzi wa udaktari wa meno, ambaye damu yake ilikuwa na chembe ndefu zilizopinda kama mundu. Jina letu la Kiswahili limetokana na umbo hilohilo. Mimi mwenyewe niliwahi kuonyeshwa maabara jinsi kunavyotokea kupinda huko. Tone la damu huchanganywa na dawa inayonyonya oksijeni, likafunikwa kwa kipande chembamba cha kioo, kisha kingo zikazibwa kwa mafuta mazito ili hewa isipenye. Mwanzoni nilipochungulia kwenye hadubini niliona chembe za mviringo kama vitumbua vilivyobonyea katikati. Nilipochungulia tena baada ya nusu saa, nyingi zilikuwa zimechongoka ncha mbili, nyingine zimejikunja kama mwezi mwandamo. Hakukuwa na kitu kilichoongezwa tangu mwanzo. Oksijeni tu ndiyo iliyokuwa imetoweka.

Sasa tuje kwenye umeme. Mwanakemia Linus Pauling alisikia mwaka 1945, katika mazungumzo na daktari mmoja, kwamba chembe hizi hupinda zaidi katika mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, ambako oksijeni imepungua. Akafikiri kwamba kama ni oksijeni inayoamua, basi kasoro lazima iwe ndani ya himoglobini, kwa kuwa ndiyo inayoibeba. Protini iliyo ndani ya maji huwa na chaji, na ukipitisha umeme itasogea kuelekea upande mmoja kwa kasi inayotegemea chaji yake. Pauling na wenzake watatu walipitisha umeme katika himoglobini ya wagonjwa na ya watu wazima wa afya, wakaona kwamba hazisogei sawasawa. Damu ya wabebaji ilikuwa na aina zote mbili zimechanganyika. Walipochapisha matokeo hayo mwaka 1949 waliuita ugonjwa wa molekuli, na kwa maoni yangu hilo ni miongoni mwa matokeo mazuri kuliko yote katika tiba ya karne ile, kwa kuwa kwa mara ya kwanza maumivu ya mtoto yalifuatiliwa hadi kwenye tofauti ya molekuli moja.

Ilibaki kujua tofauti hiyo iko wapi. Vernon Ingram, aliyefanya kazi katika maabara ya fizikia ya Cavendish huko Cambridge, aliikatakata himoglobini kwa kimeng'enya na kuvitandaza vipande vyake kwenye karatasi hadi vikawa madoa kama thelathini. Alipolinganisha karatasi ya mgonjwa na ya mtu mwenye afya, doa moja tu ndilo lililohama. Ndani ya kipande hicho asidi amino moja (asidi amino ndivyo vijenzi vya protini), glutamiki, ambayo ina chaji hasi, ilikuwa imebadilishwa na valini, isiyo na chaji yoyote. Ndiyo maana umeme uliweza kuzitenganisha. Valini hiyo haipendi maji, hivyo oksijeni ikipungua molekuli hushikamana zenyewe kwa zenyewe na kujipanga kama kamba ngumu, na kamba hizo ndizo zinazolikunja ganda la chembe. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hizi huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, na ndiyo sababu wagonjwa hupungukiwa damu na macho yao kuwa ya manjano.

Kuhusu malaria, jibu lilipatikana huku kwetu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali na kukuta kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ambako malaria ni nyingi, wabebaji walizidi 20% katika baadhi ya jamii, ilhali nyanda za juu hawakufika hata 1%. Mwaka 1954 alionyesha kwamba nakala moja ya kinasaba hiki humkinga mbebaji dhidi ya malaria kali, na hivyo kinasaba kikaendelea kurithishwa. Kumkinga si kumzuia asiugue, mwanangu, kwa hiyo hata ukipima ukajikuta mbebaji, chandarua usikiache.

*Nimesikia kwamba Ulaya na Marekani sasa wanaponya sikoseli kwa kukata vinasaba. Binti yangu ana miaka saba na hulazwa mara kwa mara. Nina shamba. Je, niliuze nimpeleke?*
Baba, Malindi

Ndugu yangu, habari uliyoisikia ni ya kweli, lakini usiuze shamba. Tiba hiyo, inayoitwa Casgevy, iliidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12, na binti yako hajafika huko. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2. Mgonjwa hutolewa seli mama za damu, zikakatwa maabara kwa mkasi wa vinasaba uitwao CRISPR, uliowapatia Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2020. Kisha hupewa dawa kali ya kuteketeza uloto wa zamani, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kabla ya kurudishiwa seli zake, dawa ambayo inaweza kumnyima uwezo wa kuzaa. Na mkasi huo haurekebishi ile kasoro iliyomo ndani ya kinasaba cha himoglobini. Unakata swichi inayoizima himoglobini ya kichanga, ili mwili uanze kuitengeneza tena, ile ile niliyomweleza dada wa Muheza.

Ninakutajia hili kwa sababu ipo dawa ya kumeza ambayo pia huongeza himoglobini hiyo, nayo inaitwa haidroksiyurea. Ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 katika vituo vinne, ambavyo ni Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi, jirani zako hapo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba maumivu, kuongezewa damu, malaria na hata vifo vilipungua. Haiponyi, na inahitaji kipimo cha damu mara kwa mara ili kiwango chake kirekebishwe, lakini mtoto wa miaka saba anaweza kuianza. Mpeleke kliniki na umuulize daktari kuhusu dawa hiyo kwa jina lake, pamoja na chanjo za kumkinga na nimonia. Na siku atakayopandwa na homa usisubiri kuona kama itashuka yenyewe: bandama la mgonjwa wa selimundu huharibika mapema, hawezi kupambana na bakteria kama watoto wengine, na anapaswa kufikishwa hospitalini siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.