Barua kwa mwanangu: bahari, tende na masheikh

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Umeniuliza kama ni kweli kwamba Waingereza, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliwafungia njia za chakula watawala wa Kiarabu waleale waliokuwa wakiwaita marafiki. Na kama ni kweli, kwa nini masheikh hao hawakushikana wakawakatalia kwa pamoja. Sikutaka kukujibu kwa simu. Jambo hili linatugusa sisi wa Unguja wenye asili ya Oman, na linataka kusomwa polepole.

Ni kweli. Tuanze na Hijazi, nchi ya Makka na Madina. Makka na Jeddah hazikuwa na mashamba ya kuwalisha watu wake. Nafaka ilikuja kwa bahari, kutoka Misri na India, na fedha zilikuja na mahujaji. Uturuki ilipoingia vitani mwaka 1914, manowari za Uingereza zikaishika Bahari ya Shamu. London iliwaogopa Waislamu wa India, ndiyo maana ikatangaza kwamba haitaishambulia miji mitakatifu wala bandari ya Jeddah. Lakini bahari ilizidi kubanwa, na hadi kufika katikati ya 1916 watu wa Hijazi walikuwa wamekwisha kuonja njaa. Sharifu Hussein, mtawala wa Makka, alipoinuka dhidi ya Waturuki mwezi wa Juni mwaka huo, bandari zikafunguliwa, vyakula vikashushwa, na dhahabu ikafuata: pauni 125,000 kwa mwezi. Sisemi aliasi kwa ajili ya njaa tu. Alikuwa na barua za ahadi za McMahon, mwakilishi wa Uingereza huko Misri, mkononi na alikuwa anautaka ufalme. Ila mtu anayefanya mapatano huku raia wake hawana unga, anaketi chini ya mwenzake hata wakiketi juu ya zulia moja.

Upande wa Ghuba mambo yalikuwa hivi. Percy Cox, mkuu wa Waingereza wa Ghuba, alitia saini mkataba na Ibn Saud, mtawala wa Najd, huko Darin tarehe 26 Desemba 1915, na baadaye Ibn Saud akawa analipwa pauni 5,000 kwa mwezi. Mpinzani wake, Ibn Rashid wa Hail, alibaki na Waturuki. Kuwait ilikuwa katikati yao. Tangu 1899 ilikuwa imefungamana na Uingereza kwa mkataba wa Sheikh Mubarak, na maisha yake yalikuwa soko: Mabedui waliteremka na ngamia kununua mchele, kahawa na nguo, kisha wakarudi jangwani. Mizigo mingine iliishia Hail na kwa Waturuki. Waingereza wakamlaumu Sheikh Salim, mtoto wa Mubarak aliyetawala tangu 1917, kwamba anafumba macho, na mwaka 1918 wakaizingira bandari iliyokuwa chini ya ulinzi wao wenyewe. Naifikiria sana bandari ile, maana nyumba zake za zamani zimeezekwa kwa boriti za mikoko zilizokatwa Lamu na Rufiji zikapelekwa kwa majahazi. Na Rufiji nako, pamoja na pwani yote ya Wajerumani, Uingereza ilikuwa imeifunga tangu Machi 1915.

Sasa nije kwetu Oman, ambako nataka ukae zaidi.

Unakumbuka kwamba mwaka 1861 Unguja na Muscat zilitenganishwa kwa uamuzi wa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, na Unguja ikatakiwa kuilipa Muscat reale 40,000 kila mwaka. Baadaye malipo hayo yakabebwa na Serikali ya India ya Waingereza. Tazama maana yake: Sultani wa Muscat akawa anapokea sehemu ya riziki yake kutoka kwa wageni. Kisha ikaja biashara ya bunduki. Muscat ilikuwa soko lake kubwa, na silaha zilivuka hadi Uajemi na mipaka ya India. Mwaka 1912 Waingereza wakamfanya Sultani Faisal aziweke bunduki zote kwenye ghala moja chini ya udhibiti, wakamlipa fidia. Yeye alifidiwa; makabila ya bara hayakufidiwa kitu. Mwaka uliofuata, wanazuoni na masheikh wakakutana Tanuf, wakamchagua Salim bin Rashid al-Kharusi kuwa Imamu, yaani kiongozi wa dini na utawala. Nizwa, Izki na Sumail zikaangukia mikononi mwake.

Januari 1915, vita vya dunia vikiwa vimepamba moto, watu wa Imamu waliishambulia Bait al-Falaj, mlango wa Muscat. Walirudishwa na askari wa Kihindi walioletwa na Waingereza. Tangu hapo nchi ikawa pande mbili: pwani kwa Sultani Taimur, mwana wa Faisal, na manowari zilizomlinda, bara kwa Imamu. Waingereza hawakupanda milimani, wala hawakuwa na haja. Tende za bara hazikuwa na njia ya kufika sokoni ila kupitia Muscat, Matrah, Sur na Sohar. Mchele wa bara ulipita hapohapo. Mwaka 1920 balozi mdogo wao, Ronald Wingate, aliyafahamu haya vizuri, na tende za bara zikatozwa ushuru mzito wa adhabu. Mwezi wa Julai Imamu Salim akauawa, akafuatiwa na Muhammad bin Abdullah al-Khalili. Tarehe 25 Septemba, huko Seeb, Sheikh Isa bin Salih al-Harthi, wa ukoo ambao Unguja nzima inaujua, akapatana na Wingate.

Wengi huutaja mkataba huo wa Seeb kwa habari ya Sultani kutoingilia mambo ya ndani ya bara. Mimi nataka usome sharti la kwanza kwa upande wa watu wa bara: mali yao ikiingia miji ya pwani isitozwe zaidi ya asilimia 5. Hilo ndilo lililotangulizwa. Baada ya miaka saba ya vita na fatwa, neno la kwanza lilikuwa ushuru, na hapo mtu anaona mkulima wa mtende wa Sumail ndiye aliyeumia muda wote huo, wala hakuna aliyemwita mezani.

Nije kwenye lile la kushikana. Watu husema Waarabu walikosa umoja, kana kwamba ni tabia ya damu. Silikubali. Kila mtawala alikuwa na kidonda chake. Sheikh Salim wa Kuwait aliwapa hifadhi Waajman, kabila lililopigana na Ibn Saud mwaka 1915 hata Saad, ndugu yake Ibn Saud, akauawa. Ibn Saud angemlilia Salim kwa lipi, bandari yake ilipozingirwa? Na Waingereza wenyewe hawakuwa na sauti moja: ofisi yao ya Cairo ilimtegemea Sharifu, Serikali ya India ilimwona Ibn Saud ndiye mtu wao. Wote wawili walilipwa na hazina ileile, na Mei 1919 majeshi yao yakakutana Turaba, na jeshi la Sharifu, lililoongozwa na mwanawe Abdullah, likateketezwa. Sheikh anayepokea mshahara anajua jirani yake naye anapokea, na kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kuukataa, kwa kuwa atakayeukataa peke yake ndiye atakayefungiwa.

Ibn Saud alijifunza vizuri. Miaka ya 1920 na 1930, Kuwait ilipokataa kumkusanyia ushuru wake, aliwazuia watu wa Najd kwenda kununua huko, na soko la Kuwait likadhoofika kwa miaka mingi. Safari hii hapakuhitajika manowari hata moja.

Habari za Imamu Ghalib, aliyemfuata al-Khalili, za mafuta, na jinsi mapatano ya Seeb yalivyovunjika miaka ya 1950 nitakuandikia barua nyingine. Nisalimie wajukuu, na uwaambie babu yao anawaombea.

Baba yako