Slaidi darasani: nilivyoanza vibaya na ninavyofanya sasa

Mleta uzi, umesema umeripoti shule ya msingi, darasa la tano lina watoto 70 na ushee, umekabidhiwa kishikwambi kimoja kati ya vile vya sensa ya 2022, na unauliza kama kuna maana ya kujifunza Canva na PowerPoint, hizi programu za kutengenezea slaidi, au ni kuunguza bando tu. Mimi nafundisha Sayansi shule moja upande wa Chamwino, huu ni mwaka wa tatu nahangaika na hizi programu. Maana ipo, ila haiko pale nilipoitafuta mimi.

Somo langu la kwanza la slaidi lilikuwa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Nilikesha siku mbili kwenye Canva nikiremba: nyuma bluu ya usiku, maandishi meupe, mishale inaruka, utumbo unametameta. Projekta niliazima sekondari ya kata, nikaja nayo kwenye bodaboda nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Saa nne asubuhi nikawasha. Jua letu la Dodoma mnalijua, na madirisha ya darasa yana nondo, hayana pazia. Ukutani ulionekana ukungu wa bluu tu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba projekta haina weusi wa kumwaga ukutani. Weusi wake ni pale ambapo haikutupa mwanga. Jua likishaupiga ukuta, giza lako lote la urembo limekwisha. Siku hizi kwangu ni nyuma nyeupe, maandishi meusi, na rangi moja ya kukazia.

Walimu wenzangu wawili wakaleta kanga, tukaziba madirisha. Picha ikaja. Lakini kazi nilikuwa nimeifungulia mtandaoni moja kwa moja, na kufika slaidi ya tatu kaduara kakaanza kuzunguka. Kalizunguka mpaka watoto wakaanza kukaimbia.

Hayo yote yanarekebishika. Kilichoniuma nilikiona jioni nikisahihisha madaftari. Mfumo mzima nilikuwa nimeuweka kwenye slaidi moja, kwa mpigo: mdomo, koromeo, umio, tumbo, ini, kongosho, utumbo mwembamba, utumbo mpana, mishale yote na maelezo pembeni. Watoto walinakili kila kitu, wengine hadi namba ya slaidi. Swali la mwisho niliuliza chakula kikitoka tumboni kinakwenda wapi. Karibu nusu waliandika kwenye ini. Halafu kibodi ya kishikwambi ilikuwa imewekwa Kiingereza, ikanibadilishia "ini" kuwa "in", sikuona. Watoto kama 30 wana "in" upande wa kulia wa tumbo, wameipigia na mstari kwa rula.

Sasa fikiria ungechora ubaoni. Unaanza na mdomo, unaongea. Unashusha umio, unaongea. Watoto wanakufuata kwa macho kwa sababu mkono wako hauwezi kwenda haraka kuliko chaki. Mimi slaidi ilininyang'anya ile breki, na sikuwa nimejua kwamba breki hiyo ilikuwa inanisaidia.

Kwa hiyo nikabadilisha namna ya kutengeneza. Nachora picha kamili kwanza. Kisha naizalisha slaidi ileile mara saba au nane, na kwenye kila nakala kwenda nyuma nafuta kiungo kimoja zaidi, mpaka ya kwanza inabaki na mdomo peke yake. Darasani nikibonyeza mbele, kiungo kinatokea mahali pake palepale, hakuna kuruka wala kumeta. Wala si ugunduzi wangu. Walimu waliotumia projekta za karatasi angavu walikuwa wanapandanisha karatasi moja juu ya nyingine hivihivi, na PowerPoint ilipotoka mwaka 1987 ilikuwa ya kuandalia karatasi kama hizo.

Jambo la picha nalo. Ukitafuta chakula kwenye maktaba ya Canva unaletewa baga na pizza. Nilipiga picha sahani ya nyumbani kwangu, ugali wa uwele na mlenda, nikalikata tonge moja, na tonge hilo ndilo linalosafiri kutoka slaidi hadi slaidi. Kabla sijabonyeza nauliza: tonge liko wapi, linaelekea wapi? Safari ya kwanza kufanya hivyo, tonge likiwa bado kwenye umio, kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Mwalimu, mlenda umeshatangulia!" Darasa likavunjika mbavu, na mimi nikapata pa kuelezea kwa nini umio husukuma chakula hata kama hakitelezi.

Tukifika utumbo mwembamba naziba mwanga wa projekta kwa daftari. Namwita mtoto avute kamba kutoka kwenye mfuko mdogo. Anavuta, anavuta, inafika ukuta wa pili. Mita 6 hivi, ndio utumbo mwembamba wa mtu mzima. Hilo sijapata slaidi ya kulisema.

Haya, ya kiufundi kwa kifupi. Canva ina akaunti ya bure ya walimu wa msingi na sekondari, unathibitisha tu kuwa ni mwalimu, mfano kwa cheti chako, usilipie. Kazi ikiisha ipakue kama PDF. Ukiipakua kama faili ya PowerPoint, kompyuta ya shule isipokuwa na aina ile ya herufi itaweka nyingine na maneno yatamwagika nje ya visanduku. Weka nakala kwenye flashi na nyingine kwenye kishikwambi, somo lisitegemee mtandao.

Na usisubiri projekta. Mimi naipata labda mara mbili kwa muhula. Siku zilizobaki slaidi zangu ni karatasi. Adobe Reader ya kompyuta, ile programu ya kufungulia PDF, ina sehemu ya kuchapa kama bango: ukurasa mmoja unagawanywa kwenye karatasi kadhaa za A4, unaziunganisha kwa gundi juu ya boksi la katoni. Chapa nyeusi na nyeupe, ni nafuu zaidi. Viungo navikata kimoja kimoja, mtoto anakuja kubandika tumbo, mwingine ini, na wenzake wanambishia. Kusema kweli siku hizi naitumia Canva zaidi kutengeneza haya mabango kuliko slaidi zenyewe.

Usifanye hivi kila kipindi, utaacha kazi. Mzunguko wa maji, saketi ya umeme, ua na sehemu zake, hapo inalipa. Hesabu za kugawanya, chukua chaki. Sina la kukwambia kuhusu michezo ya maswali ya mtandaoni. Kwa kishikwambi kimoja na watoto 70 sijaona pa kuanzia.

Ukikwama kwenye kuchapa bango niulize hapahapa. Mchana niko darasani, usiku mtandao ukikaa sawa najibu. Ila kabla hujaandika slaidi hata moja, zima kwanza ule usahihishaji wa kibodi, isikubadilishie maneno.