Kaa na msimamo wako, ila misiba isikupite

Dada, umeuliza kama una kasoro kwa kutokuwa na Facebook wala Instagram, na sasa mawifi wamekununia kwa sababu hata kundi la familia la WhatsApp hutaki kuingia. Kasoro huna. Facebook yenyewe ilianza 2004. Wazazi wetu walioana, wakachangiana na wakazikana bila hiyo.

Ila ukweli ni kwamba siku hizi michango ya harusi na taarifa za msiba zinapita WhatsApp. Mimi nilikaidi miaka, nikaja kusikia msiba wa mama mdogo watu wameshaanua matanga. Aibu ile sijaisahau.

Kwa hiyo fungua WhatsApp tu, hayo mengine achana nayo. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha. Ficha muda ulioonekana mara ya mwisho. Kwenye makundi, ruhusu wale tu uliohifadhi namba zao, asije mtu usiyemjua akakutumbukiza kwenye kundi la kuuza vitenge. Tiki za bluu, zile zinazoonyesha umesoma ujumbe, nazo unaweza kuzima (na wewe hutaziona za wenzio), ingawa kwenye makundi hazizimiki. Zikizidi salamu za asubuhi zenye maua, linyamazishe kundi, hakuna atakayejua.

Picha za watoto usiweke kama hutaki. Na wifi mkubwa mpigie simu leo leo, mwambie unaingia kwa ajili ya taarifa, soga atazikuta kwako jikoni.